Kunguru Wawili Kwenye Televisheni ya Mkuu wa Shule

Siku kompyuta zilipoletwa shuleni kwetu, mkuu wa shule alivaa suti nzito ya bluu, na kwa joto lile la pwani ya Lindi kila mtu alielewa kwamba maendeleo yana mateso yake. Wanafunzi walipangwa mistari tangu asubuhi. Afisa kutoka wilayani alifika mchana. Mgeni rasmi akifika saa aliyosema, watu watajuaje kwamba ni mgeni rasmi?

Nilikuwa nafundisha fizikia na hisabati katika sekondari ya kutwa, kwenye kijiji cha wavuvi upande wa Kiswere, kati ya Kilwa na Lindi. Kwa kuwa chuoni niliwahi kupitia kozi fupi ya kompyuta, nilikuwa pia mwalimu wa kompyuta. Kompyuta yenyewe haikuwepo, lakini hakuna aliyeona kwamba hilo ni tatizo. Nilichora kibodi ubaoni kwa chaki, wanafunzi wakaja mmoja mmoja kubonyeza herufi, na kila aliyebonyeza alirudi kwenye dawati lake na unga mweupe kidoleni, tayari mtaalamu. Kwenye ripoti za shule somo langu lilikuwa linaendelea vizuri sana.

Afisa alikata utepe uliofungwa kwenye maboksi manne. Akasema kwamba kuanzia siku hiyo kijiji chetu kimeingia duniani, na mimi nikabaki najiuliza tulikuwa wapi kabla ya hapo. Akapigwa picha akiwa ameweka mkono juu ya boksi, mkuu akapigwa picha akiwa ameweka mkono juu ya boksi hilohilo, halafu wakatusainisha kwamba tumepokea kompyuta nne. Maboksi hayakufunguliwa, maana pilau lilikuwa linapoa.

Gari la wilaya lilipoondoka ndipo tukafungua, tukiwa watatu ofisini: mimi, mkuu wa shule, na mwalimu wa nidhamu. Huyu wa mwisho alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzito, aliyeishi kwa kazi moja kubwa, kuwinda wanafunzi kwenye kibanda cha gemu karibu na soko. Kila Jumamosi alikuwa anavizia nyuma ya mabanda ya samaki, kisha anavamia, na Jumatatu mstarini tunasikia habari za ushindi.

Mkuu alitoa kitu cheusi, kinene, kinachong'aa, kilichobinuka mgongo. Akakigeuza. Akatafuta kioo, hakikuwepo. Akatafuta herufi za kubonyeza, hazikuwepo. Boksini mlikuwa na nyaya, na kile kidude cha kushika kwa mikono miwili chenye vitufe vya pembetatu na duara.

"Mkuu," mwalimu wa nidhamu alisema polepole, "hizi ni mashine za gemu."

"Umejuaje?"

"Naziona nikienda kukamata."

Mkuu akakaa chini na suti yake. Akatazama dirishani, akatazama mashine, akatazama nakala ya karatasi aliyosaini.

"Nimesaini kompyuta," alisema. "Kwa hiyo hizi ni kompyuta. Madam, utazifundishia lini?"

Nilitaka kucheka, lakini hakuwa anatania. Kule wilayani zilishaandikwa kompyuta, picha zilishapigwa, na kurudi kusema tumepewa vitu vya kuchezea mpira kungekuwa sawa na kumwambia mgeni rasmi kwamba alikata utepe wa bure. Nikasoma maelezo yaliyokuwa chini ya boksi. Kumbe aliyetuma hakudanganya. Zilitoka chuo kikuu fulani ng'ambo, ambako ziliunganishwa pamoja zikawa zinapiga hesabu za mambo ya nyota. Walipopata mashine mpya, hizi wakazifuta kila kitu wakatuma Afrika, mahali ambapo vitu hupelekwa vikishachoka.

Kwa hiyo ziliwahi kuwa kompyuta kweli. Nilichotakiwa ni kuzikumbusha.

Usiku na mchana nilisoma kwenye simu, nikisimama kwenye kichuguu nyuma ya choo cha walimu ambako mtandao ulikuwa unashika. Nikagundua kwamba toleo lile la zamani la mashine lilikuwa na mlango. Kwenye menyu yake kulikuwa na sehemu ya kuweka mfumo mwingine, tofauti na ule wa gemu. Watengenezaji waliufunga mlango huo baadaye, kwa kila mashine iliyokubali kusasishwa. Zetu hazikuwahi kusasishwa, hivyo mlango ulikuwa wazi. Mfumo wenyewe ni Linux, ambao watu wa nchi nyingi wameuandika kwa pamoja na kuuacha huria: yeyote aweza kuuchukua, kuusoma, kuubadilisha, bila kulipa. Nilimweleza mkuu yote hayo. Alisikiliza kwa heshima mpaka nilipofika kwenye "bila kulipa", hapo akaelewa.

"Mwanamke mwenye akili," aliniambia, na akanipa ruhusa ya kwenda Lindi mjini. Nauli hakunipa. Alinipa baraka zake, ambazo kondakta alizikataa.

Lindi niliingia kwenye duka la vifaa vya umeme la mzee mmoja wa Kihindi, ambaye ukoo wake umefanya biashara mjini pale tangu enzi za babu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Nikupe nini?"

"DVD tupu. Na kibodi za waya."

Alinitazama kana kwamba nimeomba mafuta ya taa ya fanusi. Akaingia stoo, akakaa huko mpaka nikadhani amesahau, akatoka akipuliza vumbi.

"Mwanangu alitaka kutupa hizi," alisema. "Nikamwambia, ngoja, yuko mtu atakuja."

"Alingoja muda mrefu?"

"Ndevu zimemwota."

Kutoka hapo nikaenda kwa jamaa wa studio ya video za harusi, maana yeye ndiye pekee niliyemjua aliyebaki na kompyuta inayoweza kuandika DVD. Alikuwa anahariri harusi ya Mingoyo, bibi harusi amesimamishwa mdomo wazi kwenye skrini. Nilimweleza ninachotaka. Aliniuliza Linux ni kikundi cha taarabu au singeli. Hata hivyo alikuwa mwema, aliniachia intaneti yake nikapakua toleo la zamani linaloendana na mashine zetu, akaliandika kwenye DVD, na kwa mazoea akachukua kalamu ya wino akaandika juu yake "Maharusi". Nilirudi kijijini na mfumo huria wa kompyuta ndani ya pakiti yenye picha ya maua ya waridi.

Ikabaki skrini. Shule haikuwa na hata moja. Mkuu, kwa shingo upande, alileta televisheni ya sebuleni kwake, ile nene ya zamani yenye mgongo kama wa fisi, na mkewe hakunisalimia kwa muda mrefu baada ya hapo, kwa sababu tamthilia yake ilikuwa imefikia mahali pabaya.

Sitawasimulia kila jaribio. Mara ya kwanza skrini ilikuwa nyeusi. Mara ya pili ilikuwa nyeusi pia, lakini mimi nilikuwa mwenye matumaini zaidi. Mara nyingine umeme ulikatika katikati ya kazi, nikaanza upya. Mwalimu wa nidhamu alikuwa anakuja kila mchana, anasimama mlangoni na fimbo yake kwapani, anasema, "Gemu ni gemu tu, madam," kisha anaondoka akiwa ameridhika.

Alikuwa amesimama hapohapo siku ilipokubali. Mashine ilivuma kama kinu cha kukoboa mahindi, maandishi meupe yakaanza kukimbia kwenye skrini nyeusi, na pale juu, pembeni, wakatokea ndege wawili waliokaa bega kwa bega, mgongo mweusi na kifua cheupe. Ni pengwini, alama ya mfumo ule. Nilipiga kelele. Mkuu akaja mbio kutoka ofisini.

"Imekuwa kompyuta?"

"Imekuwa, mkuu!"

Akainama, akasogeza miwani. "Sasa hawa kunguru wanafanya nini?"

Nilijitahidi kumweleza habari za pengwini na barafu. Mwalimu wa nidhamu akaamua kesi: kifua cheupe, mgongo mweusi, huyo ni kunguru, na kama yupo kwenye mashine basi hata huko anaiba kitu. Kufikia jioni shule nzima ilikuwa inaita mfumo ule Kunguru. Mimi niliyekuwa na cheti nilibishana kwa wiki moja, halafu nami nikaanza kusema, "Washeni Kunguru."

Basi tukafundisha, kwenye maabara ya sayansi. Walimu wengine wawili walitoa televisheni zao, tukawa na mashine tatu zinazofanya kazi na ya nne ya akiba. Usifikiri zilikuwa na kasi. Mashine iliyopiga hesabu za nyota ilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko simu yangu. Nikibofya programu ya kuandikia barua, nilikuwa na nafasi ya kuita mahudhurio, kugombeza waliochelewa, na kufuta ubao, ndipo inafunguka. Herufi kwenye televisheni zilikuwa zinatetemeka kama siafu waliokanyagwa. Lakini zilikuwa herufi. Wanafunzi waliokuwa wakibonyeza chaki sasa walibonyeza kitu kikajibu, na darasa ambalo zamani lilikuwa linasinzia saa saba mchana likaanza kugombania viti.

Kwa kuwa programu kubwa zilikuwa nzito, niliwafundisha kuandika amri wenyewe kwenye ule ukurasa mweusi. Hapo ndipo alipochomoza binti mmoja wa kidato cha tatu, mkimya, mama yake muuza vitumbua. Alikuwa hasemi darasani, lakini mashine ikimkatalia alikuwa anaisonya kwa upole kama mtu anayemsonya mbuzi, kisha anajaribu tena. Niliandika kwa herufi kubwa juu ya kila mashine: IKIULIZA KUSASISHA, KATAA. Wanafunzi wote walilishika hilo.

Nilimsahau mwalimu wa nidhamu.

Jumatatu moja niliingia maabara nikakuta mashine ya dirishani inawaka menyu yake ya zamani, ya kung'aa, ya gemu. Kunguru hawapo. Nilitafuta ile sehemu ya kuweka mfumo mwingine, nayo haipo. Mlango ulikuwa umefungwa, na huu ukifungwa haufunguki kwa mtu kama mimi. Ndani ya mashine kulikuwa na diski ya mpira wa miguu.

Nilikwenda kwenye chumba cha walimu. Mwalimu wa nidhamu alikuwa anasahihisha madaftari kwa bidii ambayo sijapata kumuona nayo.

"Mwalimu," nilisema, "kuna diski ya mpira maabara."

"Diski?"

"Ya mpira."

Akafunika kalamu. "Niliikamata kwa wanafunzi," alisema. "Nikasema niichunguze. Huwezi kupiga vita kitu usichokijua, madam."

"Na mashine ilikuuliza nini?"

"Iliniuliza tu kwa Kiingereza, maneno mengi. Nikaona ni adabu kusema ndiyo."

Nilitoka nikakaa chini ya ukuta wa maabara, na nakiri machozi yalinitoka kwa hasira, machozi ya mtu mzima anayelilia mashine ya gemu iliyogeuka kuwa mashine ya gemu. Mchana alinifuata na soda ya baridi. Hakusema samahani, hakuzaliwa na neno hilo, lakini aliiweka karibu yangu na kusema kwamba Ijumaa atakwenda kwao na ataniletea kuku. Alimleta kweli.

Yangeishia hapo, kama wanafunzi wasingechungulia dirishani Jumapili ile na kumuona mwalimu wao wa nidhamu akiruka mbele ya televisheni. Habari ilishuka kijijini, na njiani ikabadilika kidogo, kama habari zinavyofanya. Ilipofika sokoni ilikuwa inasema kwamba shule imefungua banda la gemu, kwamba madam ndiye anayefundisha, na kwamba ndiyo maana watoto wanachelewa kurudi nyumbani. Wazazi wakadai mkutano.

Walijaa darasa la kidato cha nne, wengine wamesimama nje ya madirisha. Mkuu alifungua kwa maneno mengi kuhusu sayansi na teknolojia, na kadiri alivyoendelea ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Mzee mmoja mkulima wa korosho, mwenye wajukuu wawili shuleni, alinyanyuka na bakora yake.

"Sisi tunauliza jambo dogo," alisema. "Watoto wetu wanacheza gemu hapa, hawachezi?"

Mkuu alinitazama. Nilisimama, nikiwa najiandaa kueleza habari za mfumo huria kwa watu ambao walitaka kusikia ndiyo au hapana. Kabla sijafungua mdomo, mwalimu wa nidhamu akainuka nyuma ya darasa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Mtu aliyecheza gemu katika shule hii ni mmoja, na ni mimi. Watoto hawajacheza. Madam hajacheza. Na mashine niliyochezea nimeiharibu kwa sababu walioandikiwa onyo walikuwa wanafunzi, mimi nikaona halinihusu."

Nilimtazama mtu yule mnene akisimama mbele ya kijiji kizima, ambacho nusu ya watoto wake aliwahi kuwachapa kwa kosa hilohilo, na nikahisi kitu kama heshima. Kisha mama muuza vitumbua akauliza kutoka dirishani, "Sasa huyo aliyecheza, alifungwa?"

"Nilifungwa, mama," alijibu kwa uchungu wa kweli. "Magoli mengi."

Darasa zima liliangua kicheko, hata yule mzee, na nikaona huo ndio wakati. Nikasema twendeni maabara mkaone wenyewe.

Chumba hakikuwatosha, waliingia kwa zamu. Nilimwita binti wa kidato cha tatu aonyeshe kazi yake. Alikuwa ameandika programu fupi, ya mistari michache: mashine inakuuliza jina, inakuuliza jinsia na umri, kisha inakusalimia kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mzee wa bakora alikaa wa kwanza. Binti akamwandikia jina, jinsia na umri, akabonyeza. Televisheni ya mkuu ikaandika SHIKAMOO BABU.

Mzee aliisoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Akanyoosha mgongo.

"Marahaba," aliiambia mashine. Akageuka kwetu. "Hii ina adabu."

Baada ya hapo hatukuweza kuwaondoa. Kila mtu alitaka kusalimiwa. Binti alikuwa ameweka kwamba aliye na miaka arobaini na kuendelea anapewa shikamoo, na aliye chini yake anaambiwa MAMBO VIPI. Ndipo ikajulikana nani anataka heshima na nani anataka ujana. Mama muuza vitumbua, mwenye mtoto wa kidato cha tatu na wengine watatu wakubwa zaidi, alisema ana miaka ishirini na tano. Binti yake alimtazama, akaandika ishirini na tano. MAMBO VIPI DADA, mashine ilisema, na mama akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani, akamkumbatia mwanawe palepale kwenye kibodi, na mashine ikajaa herufi zisizo na maana.

Halafu mkuu wa shule akakaa. Kwa bahati mbaya alitaja umri wake wa kweli, thelathini na nane. Televisheni yake mwenyewe, ya sebuleni kwake, mbele ya wazazi, ikamwambia MAMBO VIPI KAKA.

"Hii ina hitilafu," mkuu alisema.

"Mkuu, nibadilishe?" binti aliuliza kwa adabu zote. "Nianzie miaka mingapi?"

Wazazi walisubiri jibu. Mkuu alisema kikao kimefungwa.

Mashine ziliishi karibu miaka miwili tangu siku ile. Moja iliuawa na joto, nyingine chumvi ya bahari iliila kimyakimya kama inavyokula mabati, na ya akiba, ambayo mkuu hakuruhusu iguswe, ilikufa bila kutumika, kama akiba nyingi. Ile ya mpira haikupata hata mafua, na nasikia mpaka leo iko chumba cha walimu. Mimi nilihamishiwa shule ya mjini, ambako kuna kompyuta mpya kabisa, kumi na mbili, zimefunikwa vitambaa vilivyodariziwa ndani ya chumba kilichofungwa, na ufunguo anao mtu aliye masomoni Dodoma.

Binti alimaliza kidato cha nne. Hakuwa wa kwanza mkoani, kama mnavyotaka iwe. Alipata ufaulu wa kawaida, akaenda chuo cha ufundi, na sasa anatengeneza simu na kompyuta Kilwa Masoko, kwenye kibanda alichokipaka rangi ya kijani. Nilipita hapo mwaka jana nikiwa safarini. Alikuwa na miwani, na wateja wawili wanamsubiri, mmoja analalamika. Aliponiona aliinuka, akanisalimia shikamoo, nami nikaitikia. Kisha akanyoosha mkono, akachukua simu yangu bila kuniuliza, akakitazama kioo chake kilichopasuka, na akaisonya kwa upole.